Nyumba ya Malindi na Bei Zake Mbili

Tangu nistaafu, kibaraza changu cha Bububu kimekuwa tawi la benki lisilolipa mshahara. Haipiti wiki hajanijia mmoja wenu. "Shikamoo, Bi Zuwena." "Marahaba, mwanangu. Unahamia wapi?" Maana siku hizi kijana akinisalimia kwa adabu namna ile, nshajua ana safari. Huyu Toronto, yule London, mwengine Maskati kwa mjomba wake. Na wote mshanunua makoti. Makoti! Mtu yumo katika joto hili la kaskazi, koti la manyoya limelala kitandani kama mgonjwa, lakini ukimuuliza pesa za kiwanja alichouza zitafikaje huko, na kodi yake keshalipa au bado, anakutazama kama umemuuliza khabari za kiama.

Basi kaeni nikuambieni. Mkichoka, mlango mnaujua.

Nilifanya kazi benki, hapa hapa mjini, na umri wangu mwingi niliumaliza kwenye dirisha la kutuma fedha nje. Nilianza wakati wa teleksi, mashine inayopiga kelele kama cherehani iliyopandwa na shetani. Ukikosea tarakimu moja, karo ya mtoto wa watu imekwenda nchi nyengine. Nimemaliza wakati pesa zinaruka kwa kubonyeza kitufe. Mwendo umebadilika, lakini swali ni lile lile: hizi pesa zimetoka wapi, na serikali imepata chake?

Kuliuliza swali hilo kuna ufundi wake, na mimi alinifundisha Bi Fatma, mkuu wetu wa mwanzo, mwanamke mfupi, mkali, aliyekuwa na tabia ya kutafuna karafuu mchana kutwa. "Usimuulize mteja kama umemkamata anaiba," aliniambia. "Muulize kama unavyomuuliza mgeni atakunywa chai au maji. Halafu nyamaza. Mwenye haki atatoa karatasi. Asiye nayo atatoa hadithi."

Na hadithi nimezisikia, wanangu! Yupo aliyeniambia dola zake zote ni zawadi za arusi, naye arusi yake nilikula pilau mwenyewe, tena nyama ilikwisha kabla ya meza yetu. Yupo aliyeona benki tuna maswali mengi, akazifunga noti zake katika nailoni, akazizika ndani ya kikapu cha halua, akaenda nacho uwanja wa ndege. Angezitamka tu kwa maofisa, kama sheria inavyotaka ukibeba fedha nyingi, angesaini na kupita. Hakutamka. Walipokifungua kikapu, nailoni ilikuwa imepasuka. Noti zimegandana, zina iliki na lozi. Nasikia hata ofisa aliyezikamata alishindwa kuacha kulamba kidole.

Lakini leo nataka kukusimulieni khabari za mtu mmoja tu. Majina nimeyabadilisha. Nyumba siwezi kuibadilisha, ipo Malindi ya hapa hapa mjini, siku hizi ni hoteli.

Nitamwita Masoud. Alikuwa muuza vipuri vya magari, ana kitambi cha heshima na sauti ya kunadia samaki hata akiwa anakuuliza saa. Mwanawe yuko Uingereza, kashafanya mipango ya kumchukua baba yake moja kwa moja, na Masoud alikuwa keshaaga mji mzima. Kila kibaraza alichokaa alitangaza: "Mie nnakwenda kupumzika. Nimechoka na nchi hii na makunguru wake." Makunguru, kwa Masoud, ni watu wa kodi.

Kabla ya kuondoka akauza nyumba ya marehemu baba yao. Nasema "yao" kwa sababu warithi walikuwa watatu. Yeye, na dada zake wawili: Bi Time, mkubwa wao, mwenye duka la vitambaa Darajani, na Bi Mwanakheri, mdogo, aliyekuwa akiishi ndani ya nyumba ile ile. Mwanakheri ndiye aliyemuuguza baba. Alimlisha, akamgeuza, akamwosha, miaka, mpaka mzee akafariki mikononi mwake. Ndoa yake ilivunjika katika hayo hayo. Kisheria Masoud ana nusu, na kila dada ana robo. Hilo hakuna aliyelibishia. Wakampa Masoud uwakala wa kuuza, kwa kuwa yeye ndiye mwanamme na ndiye mwenye sauti.

Masoud akapata mnunuzi mwenye hoteli. Akapata na mshauri. Kila anayehama, wanangu, humpata mshauri. Huyu alikuwa dalali mmoja wa pale gengeni, wenziwe wakimwita Profesa, na skuli aliiacha kwa sababu mwalimu alikuwa anauliza sana. Profesa akamwambia: "Sheikh Masoud, ukiuza nyumba kuna kodi ya faida. Sasa ya nini kuandika bei ya kweli? Mkataba uandike theluthi ya bei, kodi utalipa ya theluthi. Zilizobaki akupe mkononi, dola, taratibu. Mnunuzi naye atalipa ushuru mdogo. Kila mtu atafurahi."

Na kweli kila mtu alifurahi. Mnunuzi kafurahi, Masoud kafurahi, Profesa kachukua ujira wake kafurahi zaidi. Dada wawili nao walifurahi, kwa sababu hawakujua.

Maana pale ndipo ushetani ulipoingia. Masoud alipokwenda kugawa urithi, aligawa kwa bei ya kwenye mkataba. Akawapigia hesabu mbele yao, sauti ya msikitini kabisa: "Nyumba imeuzwa kwa hizi. Kodi tumelipa hizi. Time, robo yako. Mwanakheri, robo yako." Mwanakheri alilia kidogo, akasema haidhuru, soko ndilo lilivyo. Kwa robo ile hakupata hata kiwanja. Akapanga chumba huku kwetu Bububu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, bati lake linavuja mpaka mvua ikinyesha analala na sufuria.

Nshajiuliza mara nyingi Masoud alianza kumwibia nani. Nadhani alianza na serikali. Akaona mlango uko wazi, hakuna anayemfukuza, akazidi kuingia ndani, mpaka akafika chumbani kwa dada zake.

Basi siku moja asubuhi akaja dirishani kwangu na begi. "Bi Zuwena, nataka kutuma hizi kwa mwanangu."

Nikamwuliza kama mgeni wa chai. "Zimetoka wapi, Bwana Masoud?"

"Nyumba ya baba. Mkataba huu hapa, na risiti ya kodi hii hapa. Mie mtu wa sheria."

Nikausoma mkataba. Nikalitazama begi. Mkataba ulikuwa mwembamba, begi limenona.

"Kwa mkataba huu," nikamwambia, "naweza kukutumia nusu yako ya bei hii, ukitoa kodi. Hizo nyengine?"

Nikanyamaza. Na yeye akatoa hadithi. Mara ni akiba ya biashara. Nikamwomba hesabu za biashara alizopeleka kodi. Kumbe huko kila mwaka alikuwa akiandika kwamba duka linakula hasara. Mtu aliyepata hasara miaka yote hiyo ana begi la dola! Mara ni deni kalipwa. Na nani? Na mtu aliyekufa. Pale nikamrudishia begi lake, nikaandika taarifa kwa wakubwa zangu kama kanuni inavyotaka, na sikumwambia chochote kuhusu taarifa hiyo, kama kanuni inavyotaka pia.

Hapo sikilizeni vizuri nyinyi wenye makoti. Mtu akipunguza bei ili kodi iwe ndogo, hajapata faida yoyote, kajikata miguu. Pesa alizozificha kodi hazina wazazi. Benki ya hapa itaziuliza, na ya kule itaziuliza zaidi, maana kule ukiingia na fedha nyingi ghafla wanataka kuona zimezaliwa wapi na nani alizitahiri. Na mwengine anadhani akishapanda ndege, kodi ya hapa inabaki uwanjani inampungia mkono. Haibaki. Ukiacha nyumba ya kupangisha huku, kodi ya pango inakudai huku, na huenda huko unakoishi wakataka nao kujua pango hilo unapata kiasi gani. Ukisubiri uhame ndipo uuze, huenda ukatozwa kwa hesabu ya asiye mkaazi, nayo si rafiki. Ulizeni pande zote mbili kabla ya kufunga mizigo. Waulizeni wanaojua, msimuulize Profesa.

Masoud alimuuliza Profesa.

Profesa akamwambia dawa ni kuzigawa: kila fungu litumwe kwa jina la mtu mwengine. Kwanza la dada mtu, kwa kuwa naye ni mrithi na ana duka. Nilikuja kujua baadaye Masoud alivyomwambia Bi Time: "Dada, benki wananionea. Nisaidie kutuma vijisenti kidogo kwa jina lako, sema ni za biashara yako." Bi Time akakubali. Ni nduguye, anasafiri, mara ngapi tena atamwomba kitu?

Wakaja. Nawaona kama jana. Benki imejaa, foleni mpaka mlangoni. Masoud akaketi kwenye benchi karibu na askari, kajifunika uso kwa gazeti, na gazeti kalishika juu chini. Bi Time akaja kwangu na begi, buibui lake safi, mtu wa tabasamu. Alikuwa hajalifungua begi lile. Kaka mtu kampa pale pale ngazini.

"Shoga yangu, nataka kuzituma hizi Uingereza."

"Zimetoka wapi, Bi Time?"

Kabla hajafungua kinywa, Masoud akadakia kutoka benchini, ile sauti ya mnada: "Za dada yangu hizo! Za biashara yake! Zake mwenyewe, hazina neno!"

Foleni nzima ikageuka. Askari akageuka. Mimi nikaziweka noti kwenye mashine ya kuhesabia. Ikaanza kulia. Ikalia, ikalia. Bi Time tabasamu likawa linampungua kwa kadiri mashine inavyoendelea. Ilipokoma nikamgeuzia aone, maana zimeletwa kwa jina lake na ni haki yake kuona.

Akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akatazama tena.

"Bi Zuwena," akasema taratibu, "hii mashine yako nzima?"

"Nzima, bibi."

"Haijarudia kuhesabu?"

"Haijarudia."

Muuza vitambaa hesabu ni mkate wake, hakuhitaji kalamu. Kisha akageuka, akaenda mpaka pale benchini, akamteremsha kaka yake gazeti kwa kidole kimoja.

"Masoud. Nyumba ya baba uliniambia imeuzwa kwa bei gani?"

"Dada, si hapa…"

"Zilizomo humu ni bei yote uliyonitajia. Nyumba nzima imo ndani ya begi hili. Na hili umeniambia ni vijisenti. Vijisenti vyengine viko wapi?"

"Ilikuwa kwa ajili ya kodi, dada! Tuliandika kidogo kwa ajili ya kodi!"

"Mie kodi?" akauliza Bi Time. "Mwanakheri kodi? Yule aliyekuwa akimwosha baba kinyesi, naye ni kodi?"

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu, kwa sababu benki nzima ilinyamaza ili imsikie. Masoud jasho lilimtoka mpaka kofia ikabadilika rangi.

Bi Time akarudi dirishani. Nikamwambia muamala huu siwezi kuupokea. Akasema, "Wala siutaki." Akazirudisha noti begini, akafunga zipu, akalitia begani begi lile kama anabeba mtumba wa khanga, akaelekea mlangoni.

Masoud akaruka. "Wee dada! Unazipeleka wapi pesa zangu?"

Bi Time akasimama mbele ya askari. "Zako? Si umesema sasa hivi ni zangu? Watu wote wamesikia." Akamgeukia askari. "Baba, hukusikia?"

Askari, kijana wa Tumbatu asiyependa maneno mengi, akasema, "Nimesikia, mama. Zako mwenyewe, hazina neno." Akamfungulia mlango.

Wanangu, niliinamia chini ya dirisha nikajifanya natafuta kalamu. Sikuwa natafuta kalamu.

Masoud alibaki katikati ya ukumbi mikono inaning'inia. Aende polisi? Akaseme kaibiwa nini? Pesa ambazo kwa maandishi yake mwenyewe hazipo? Mwizi akiibiwa hana pa kupigia kelele. Akampigia simu Profesa. Simu haikupatikana. Mpaka leo haipatikani. Wengine wanasema yuko Dar es Salaam anashauri.

Bi Time hakuzila pesa zile. Alilipeleka begi kwa ami yao, mzee wa watu, likafungiwa kabatini, kisha akaja kumchukua Mwanakheri huku Bububu, wakaitana wote. Masharti yake yalikuwa mafupi. Masoud arudi ofisi ya kodi pamoja na mnunuzi, waseme bei ya kweli. Kodi iliyobaki ilipwe. Adhabu ya kudanganya ailipe Masoud kutoka fungu lake, kwa kuwa dada hawakudanganya. Baada ya hapo, nusu kwa robo kwa robo, kama Mungu alivyogawa.

Masoud aligoma. Alinuna, akatuma wazee, akaumwa presha. Akamtumia Mwanakheri, akijua ana moyo mwepesi, ujumbe kwamba tiketi yake itakufa na mwanawe ataaibika. Mwanakheri akataka kulegea. Alikuja kwangu akilia: "Bi Zuwena, mie nimsamehe tu. Ni kaka yangu."

Nikamwambia, "Kusamehe samehe, hiyo ni baina yako na yeye. Lakini robo yako si yake, airudishe kwanza."

Mwisho Masoud akaenda. Alikuja kwangu kwanza kuuliza achukue nini, sauti imeshuka mpaka nikamwomba arudie. Nikamwambia: nenda na mwanasheria, nenda na mnunuzi, nenda kabla hawajakuita, maana anayekwenda kwa miguu yake hupokewa tafauti na anayeletwa. Mnunuzi alilalamika sana, lakini naye alikuwa na hoteli ya kufungua na hakutaka hati yenye kasoro. Ofisini makunguru walimkaribisha kiti. Wakamwuliza kwa upole, akajibu kwa kugugumia, wakapiga hesabu.

Na sasa kichekesho chenyewe. Kodi halali, laiti angeilipa siku ya kwanza, ilikuwa kitu cha kawaida kabisa, angeilipa na asihisi njaa. Kilichomla ni adhabu, na mwanasheria, na ujira wa Profesa, na tiketi iliyokufa ikabidi anunue nyengine. Alikimbia mbu akajitupa katika mzinga wa nyuki.

Lakini pesa zilizobaki zilikuwa na wazazi. Mkataba wa kweli, risiti ya kodi, mgao wa urithi uliosainiwa. Niliuliza swali langu, akatoa karatasi, na mimi mwenyewe nikamtumia fungu lake mpaka Uingereza. Benki ya kule iliuliza mara moja tu, ikaridhika. Mwanakheri alinunua kibanda cha mawe hapa hapa Bububu, akakiezeka bati jipya. Juzi mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi akaniambia kelele za mvua juu ya bati zima zinamletea usingizi.

Siku ya Masoud kuondoka, alipitia bandarini Malindi kuchukua boti ya Dar es Salaam. Dada zake wote wawili walikwenda kumuaga. Haya kanisimulia Mwanakheri. Yeye alimpikia mikate ya kumimina ya njiani, akamkumbatia, akalia kama anazika. Masoud naye akalia, na safari hii, anasema Mwanakheri, alilia bila ya sauti.

Bi Time alisubiri mpaka wamalize. Hakulia. Akamweka kaka yake kola sawa, kama alivyokuwa akimweka wakati anampeleka skuli, na abiria wameshaanza kuitwa.

"Nenda salama, Masoud. Na huko wakikuuliza una dada wangapi, sema wawili. Usipunguze."